Naomba ushauri: mama ana presha kwenye mishipa ya mapafu
Wakuu, mama yangu yuko Tukuyu. Akipanda kilima cha shambani anasimama kila hatua chache, midomo bluu, na jioni miguu imevimba hadi ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) aliyofanyiwa Mbeya mjini imeonyesha presha kubwa kwenye mishipa ya mapafu. Daktari anashauri Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar, apitishiwe mrija mwembamba hadi upande wa kulia wa moyo. Eko hukadiria tu. Mrija ndio unaopima, na wastani wa presha hiyo ukizidi milimita 20 za zebaki ndipo ugonjwa unathibitika. Ndugu wanataka aanzishiwe sildenafili, dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu, sasa hivi. Mimi nakataa, kwani kama chanzo ni damu iliyoganda mapafuni, tiba ni nyingine. Mliouguza mgonjwa wa hivi, ataiweza safari ya basi? Na bima inalipia kipimo hicho?