Naomba ushauri: waya wa shaba unachoka kwenye praktiko ya msokoto

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga. Tunaning'iniza kisahani cha chuma kwenye waya wa shaba, tunakisokota kidogo, tunakiachia kizunguke huku na huku. Waya mpya unacheza muda mrefu. Vikundi vikiutumia mfululizo, kisahani kinasimama mapema, na aliyeusokota kupita kiasi anakuta alama ya chaki hairudi ilipokuwa.

Najua si ubovu wa waya. Mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliliona hili Glasgow, Uskoti, akaliandika mwaka 1865: waya uliotikiswa mfululizo hupoteza mwendo haraka kuliko uliopumzishwa. Wanafunzi kuliona hilo kwa macho yao kunanifurahisha mno.

Shida ni praktiko yenyewe, maana kikundi cha mwisho kinapata majibu tofauti na cha kwanza, na hiyo si haki kwao. Fundi mmoja Ngamiani kanishauri niuchome mpaka uwe mwekundu, kisha niuache upoe. Nahofia utalainika mno, hata msokoto mdogo uupinde moja kwa moja. Au nihamie waya wa gitaa wa chuma? Mliofanya hili, waya mnaupumzisha muda gani kati ya kikundi na kikundi?