Wakuu, kupanda Biokovo (Kroatia) mwezi wa nane, kwenda na kurudi siku moja inawezekana?

Mmarangu_Ughaibuni:
Wakuu habari za humu ndani. Niko Stuttgart, likizo yangu imeangukia mwezi wa nane, mimi na jamaa yangu tumechoka kulala tu bichi kama mamba tukasema this time twende sehemu yenye bahari na mlima pamoja. Tumepata Makarska, mji wa pwani kule Kroatia, na ukiangalia picha mlima umesimama hapo hapo nyuma ya nyumba za watu, unaitwa Biokovo, ni hifadhi, na kilele chake Sveti Jure kina mita 1,762. Sasa mimi kwetu ni Marangu, geti la Kilimanjaro pale kwetu liko juu kuliko hicho kilele chao, kwa hiyo naona haya ni matembezi ya kushushia chai.

Plani yetu: tunakunywa chai hotelini, saa tatu asubuhi tunaanza, saa nane tuko juu, jioni tunarudi kuogelea. Maji lita moja moja, tutajaza kwenye mito njiani. Je kuna ulazima wa muongozaji na wapagazi? Raba zinatosha? Na shemeji yenu (mke wa jamaa) anakuja na watoto wawili, wao wafanye nini siku hiyo maana hawapandi. Natanguliza shukrani.

Kobe_Mzee:
Mkuu karibu, ila hiyo plani inabidi tuivunje yote tuijenge upya.

Kwanza hiyo hesabu ya Marangu. Ni kweli geti liko juu kuliko Sveti Jure, lakini pale getini unafikishwa na gari. Ukitoka getini mpaka Mandara, kambi ya kwanza ya kulala, unapanda mita hazifiki 1,000 halafu unalala, unapikiwa, begi kubeba mtu mwingine. Makarska unaanzia usawa wa bahari, hata ukianzia kijiji cha Makar kilichoko juu kidogo ya mji bado una zaidi ya mita 1,500 za kupanda siku hiyo hiyo na begi mgongoni, alafu uzishuke zote. Hewa haitakusumbua, magoti ndo yatakusumbua.

Pili mito. Hakuna mito! Mlima wote ule ni mawe ya chokaa, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye nyufa na mashimo yanapotelea chini huko, juu kunabaki kukavu. Zamani wenyeji walikuwa wanashuka kwenye mashimo marefu ambayo theluji ya kipupwe inakaa humo mpaka kiangazi, wanakata barafu wanateremsha Makarska kuuza. Sasa wewe na jamaa yako sidhani kama mtabeba shoka. Bebeni lita tatu kila mtu, nne kama ni watu wa jasho jingi, na chumvi chumvi ya kutafuna.

Tatu, saa tatu asubuhi mwezi wa nane ni muda wa kuwa umeshafika mbali. Upande wa baharini wa Biokovo unatazama kusini magharibi, jua linachomoza nyuma ya mlima, kwa hiyo asubuhi mlima wenyewe unakupa kivuli. Ondokeni Makar alfajiri saa kumi na moja na tochi za kichwani. Ukichelewa kivuli kinaondoka na yale mawe meupe yanakurudishia joto usoni, hakuna mti wa maana wa kujibanza.

Mmarangu_Ughaibuni:
Duh. Mzee umeniua kabisa. Saa kumi na moja likizo kweli?? Na njia yenyewe ikoje, watu hawapotei?

Kobe_Mzee:
Njia ni Makar mpaka Vošac, hicho ni kilele cha chini kidogo, kama mita 1,420 hivi, masaa matatu mpaka manne kwa mwendo wa kawaida. Hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote, bahari na visiwa vya Brač na Hvar viko miguuni kwako. Kutoka Vošac mpaka Sveti Jure weka masaa mawili mengine, na huko juu kuna mnara wa televisheni, kikanisa kidogo, na watu wenye viyoyozi waliokuja na gari maana lami inafika mpaka kileleni. Kwa maoni yangu mimi ningeishia Vošac nikala chakula changu nikashuka. Kilele chenye mnara na paking hakinidai kitu.

Kupotea: alama ni duara jekundu lenye nyeupe katikati, zimepakwa kwenye mawe. Ukitembea muda bila kuona alama rudi mpaka ile ya mwisho uliyoiona, usikate njia ya mkato, kule mashimo ni mengi na mengine yamefunikwa na vichaka. Muongozaji sio lazima, wapagazi sahau. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka hotelini.

binti_tanga:
Nimesoma pwani hiyo ngoja niongezee, kaka Mmarangu raba acha. Mawe ya kule yana makali kama kisu na kwenye mteremko kuna kokoto zinazoteleza, vaa buti linaloshika kifundo. Na kuna nyoka anaitwa poskok, ana kipembe puani, ni kifutu wa huko na ana sumu kweli. Hakufuati, anaota jua kwenye mawe, kwa hiyo usiweke mkono mahali ambapo macho hayajafika, na kukaa angalia kwanza. Hiyo sababu nyingine ya buti.

Lakini mimi kitu ninachokiogopa kule kuliko nyoka ni upepo. Sisi kwetu tuna kaskazi na kusi, wao wana bura na jugo. Jugo unatoka kusini mashariki, unaleta mawingu na unyevu, unautambua siku nzima kabla. Bura ndo kiboko, unashuka kutoka nchi kavu kupitia juu ya mlima kuja baharini, wa baridi, kwa mikupuo, na unaweza kuja mbingu ikiwa bluu kabisa. Ukiamka ukaona mgongo wa mlima umevaa wingu jeupe kama kofia na huku mjini jua linawaka, siku hiyo nenda kaogelee. Cheki utabiri wa DHMZ, hao ndio mamlaka yao ya hali ya hewa. Na beba koti hata kama chini ni nyuzi 33.

Namba ya dharura 112, wanakuunganisha na HGSS, waokoaji wa mlimani, wapo tangu 1950 na hawakutozi hela. Kila kiangazi wanapiga kelele kuhusu watalii wanaopanda na kandambili. Msiwe hao 😂

msafiri254:
Wadau mbona mnamtisha jamaa hivi. Kuna barabara bana! Akodi gari apande mpaka juu na familia yote, njiani kuna ile daraja ya kioo, Skywalk, ilifunguliwa 2020, iko mita 1,228 juu ya bahari, unasimama kwa kioo unaona chini ya miguu hakuna kitu. Watoto watafurahia kuliko kushinda hotelini.

Kobe_Mzee:
@msafiri254 wazo zuri kwa shemeji na watoto, ila hiyo barabara inajua kutisha kuliko njia ya miguu. Ina kilomita 23 mpaka juu, nyembamba, sehemu nyingi magari mawili hayapishani, mmoja inabidi arudi nyuma pembeni kukiwa na korongo. Kama dereva hajazoea asijaribu, wachukue teksi au gari la ziara. Na magari yanaingizwa kwa zamu, tiketi inanunuliwa mtandaoni unachagua saa, mwezi wa nane zinaisha mapema. Upepo ukizidi wanafunga.

binti_tanga:
Watoto kama ni wadogo mimi ningewapeleka Kotišina, sio mbali na Makar. Kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na mtawa mmoja Mfransisko, Jure Radić, miaka ya 80, sio bustani ya maua ya kupangwa, ni mlima wenyewe umeachwa na mimea yake, na kuna ngome ya kale imebandikwa kwenye jabali. Asubuhi wanazunguka, mchana wako baharini.

Na moto jamani. Julai 2024 miteremko ya juu ya Tučepi, hapo jirani na Makarska, iliungua vibaya. Hakuna kuwasha jiko, na mvuta sigara aache kiberiti hotelini. Mkiweza kusogeza likizo mpaka mwisho wa mwezi wa tisa sogezeni, bahari bado ina joto na mlima unapandika.

Mmarangu_Ughaibuni:
Wakuu asanteni sana. Likizo haisogei, bosi ameshasaini. Kwa hiyo: saa kumi na moja, buti, lita tatu, tunaishia Vošac na Sveti Jure tutaona miguu inasemaje (jamaa yangu anaisemea tayari 😅). Shemeji na watoto Kotišina. Sasa mbili za mwisho, mimi nina kibali cha kuishi Ujerumani, viza inahitajika? Na kutoka mji wa Split mpaka Makarska tunafikaje?

binti_tanga:
Kroatia iliingia Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasi mipakani kati yao) 1/1/2023 na siku hiyo hiyo wakaanza euro, kwa hiyo kibali chako cha Ujerumani na pasi vinatosha, tembea navyo vyote viwili. Split stendi ya mabasi iko hapo hapo bandarini, mabasi ya Makarska ni mengi, mwendo wa saa moja na kitu. Begi la kuweka chini ya basi wanalitoza pembeni kwa hiyo uwe na sarafu mkononi. Na watoto wakalie upande wa kulia, bahari iko huko.