Tupeane uzoefu: A/T (tairi za lami na vumbi) au M/T (tairi za tope) kwa gari linalopiga lami na kuingia mbuga (Kigoma na Tabora)

Mdau wa Kaliua
Wakuu, habari za majukumu. Mvua zimeshika na gari zimeanza kulala njiani kule Ipole kwenda Rungwa, nikakumbuka kwamba mjadala huu hatujawahi kuumaliza. Prado, Hilux na hardtop (Land Cruiser) zinazokimbia lami ya Tabora, Urambo hadi Kaliua, halafu zinaacha lami na kukuta mchanga, changarawe na mbuga (udongo mweusi unaonata), zivae tairi gani? Wekeni saizi, upepo na sababu. Jina la kampuni peke yake halitusaidii.

Fundi Tairi Mwanga
Tuanze na kashata, yaani yale meno ya tairi yanayogusa barabara. Tairi ya barabarani, H/T, ikiwa mpya kashata zake zina kina cha milimita 8 au 9. A/T zinacheza kati ya 11 na 13. M/T ni kama 14 na kupanda, na mapengo yake ni mapana ili tope litoke gurudumu likizunguka. Mapengo hayo hayo ndiyo yanayokuumiza kwenye lami: mpira unaogusa barabara unapungua, gari linachelewa kusimama lami ikiwa imelowa, kelele inapanda ukifika 70, na kashata ndefu zinajipinda kwenye kona kiasi kwamba usukani unachelewa kuitikia. A/T ina vipasuo vyembamba juu ya kila kashata, na hivyo ndivyo vinavyokata ule utando wa maji juu ya lami. M/T nyingi zina vichache sana.

Kama safari yako kwa sehemu kubwa ni lami na vumbi la kawaida, A/T. M/T ni ya gari linaloishi kwenye tope.

Halafu msidanganywe na maandishi ya M+S ubavuni. Hayo kiwanda kinaandika chenyewe kwa kuangalia mchoro wa kashata. Alama ya mlima wenye nyota ya theluji ndiyo inayotokana na jaribio, lakini jaribio lenyewe ni la theluji. Kwa mbuga ya Sikonge haikuambii chochote.

Mama Ufundi Kasulu
Naunga mkono. M/T kwa gari la Kigoma mjini na Kasulu ni kuchoma mafuta bure.

Dereva wa Ipole
Mnaongea kama watu wa lami. Mbuga nyeusi ikilowa inanata kama ulimbo. A/T inajaa tope kwenye mizunguko michache ya gurudumu, na tangu hapo ni kama unaendesha tairi kipara. M/T inajisafisha. Ila ijulikane kwamba inajisafisha ikizungushwa. Ukitambaa kwa gia ya kwanza ya low (gia nzito za foo-wili) nayo inajaa vilevile. Weka ya pili low, acha gurudumu lizunguke kiasi cha kurusha tope, cheza na usukani kushoto kulia kidogo kidogo ili kashata za pembeni zing'ate kuta za mfereji uliochimbwa na magurudumu. Gari likisimama kusonga, toa mguu kwenye mafuta hapo hapo. Ukiendelea unachimba, difu (lile bakuli la gia katikati ya ekseli) inakaa juu ya tope, na hapo hata tairi ya trekta haikutoi.

Hardtop 7.50
Shida yenu ni mapana. Hardtop zilitoka na 7.50R16, tairi nyembamba, nazo zimevuka mbuga hizi miaka yote. Nyembamba inakata tope na kufika chini kwenye udongo mgumu. Hayo mapana yenu yanaelea juu na kuteleza.

Dereva wa Ipole
Mkuu, udongo mgumu upi? Kwenye mbuga halisi hakuna chini. Nyembamba inazama mpaka ekseli.

Fundi Tairi Mwanga
Wote mnasema kweli, kila mmoja kwa udongo wake. Vilima vya Manyovu na Buhigwe ni udongo mwekundu unaoteleza juu, lakini chini kidogo tu ni mgumu. Hapo nyembamba inashinda. Mabonde ya upande wa Malagarasi na mbuga za Tabora hazina chini ya karibu, na mchanga wa Tabora wakati wa kiangazi pia unataka tairi pana iliyolala kwa kupunguzwa upepo. Ndiyo maana 235/85R16 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita) na 7.50R16 zinapendwa vilimani, na 265/70R16 mbugani.

Hardtop 7.50
Sijashawishika, lakini endelea.

Utingo Mstaafu
Mkiongelea kulaza tairi, semeni na hatari yake. Kuna Hilux ilikuwa imebeba pampu ya kisima, ikanasa kwenye mbuga. Dereva akatoa upepo mpaka psi 12 (psi ni kipimo cha upepo) kwa magurudumu yote. Gari likaanza kutoka vizuri. Mfereji ulikuwa umepinda, akakata usukani wote kulia ili kuruka ukingo. Tairi ya mbele kushoto ikachomoka kwenye rimu, tope likajaa ndani, gari likalala juu ya rimu tupu. Spea iko chini ya bodi, imezikwa. Giza linaingia na mvua ipo. Mtu mmoja akasema wamwage petroli ndani ya tairi wawashe, ilipuke na kukaa. Kilicholipuka ni tairi na mkono wa kijana aliyekuwa ameshika kiberiti. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki usiku ule, na gari lilikaa pale siku mbili likisubiri trekta.

Mama Ufundi Kasulu
Mungu wangu. Na hiyo ya petroli bado watu wanafundishana.

Dereva wa Ipole
Inafanya kazi kwa anayejua kipimo. Wa malori wanaitumia kila siku.

Fundi Tairi Mwanga
Hapana, na hapa sitanyamaza. Hakuna kipimo salama. Hujui mvuke uliomo ndani ni kiasi gani, na ule mlipuko unaweza kukata waya za ukingo wa tairi usizione, ije ipasuke baadaye ukiwa 90 kwenye lami. Njia ya kurudisha tairi kwenye rimu iko hivi. Inua gari kwa jeki iliyokaa juu ya ubao mpana. Osha ukingo wa tairi na rimu mpaka visibaki na punje ya mchanga, paka maji ya sabuni pande zote mbili. Toa kile kipande cha ndani cha valvu ili upepo uingie kwa kasi. Zungusha mkanda wa kufungia mzigo juu ya kashata, ukaze mpaka kuta za tairi zitanuke na kugusa rimu. Jaza upepo. Ukingo ukishashika na upepo umeanza kubaki ndani, legeza mkanda, endelea kujaza. Utasikia "paa" mara mbili, upande mmoja kisha mwingine. Usizidishe psi 40 ukisubiri huo mlio. Kama hujausikia, toa upepo, paka sabuni, anza upya. Ukisharudisha kipande cha valvu, jaza upepo wa kawaida.

Na kosa la ile Hilux lilianza kwenye 12. Rimu ya kawaida haina kifungo cha kushikilia ukingo. Chini ya 15 usukani usikatwe wote, na mwendo uwe wa mtu anayetembea.

Mdau wa Kaliua
Basi tupe upepo wa kila mahali, mkuu.

Fundi Tairi Mwanga
Kwa Prado au Hilux yenye 265/70R16 isiyo na mzigo mkubwa: lami fuata kibandiko cha mlango wa dereva, mara nyingi kinaangukia psi 29 hadi 33. Changarawe punguza hadi 26, mwendo usipite 70. Mawe yanachoma kidogo na gari halirukiruki. Mchanga 16 hadi 18. Tope 18 hadi 22. Ukiwa na mzigo nyuma ongeza za nyuma.

Ukifika lami, jaza kabla hujakanyaga mafuta. Tairi yenye upepo mdogo inakunjuka ubavuni kila mzunguko, inachemka, na tabaka za ndani zinaachana. Pampu ya betri ya kujaza upepo inunuliwe kabla ya M/T.

Kujua kama upepo wa lami ni sahihi, pima asubuhi tairi ikiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya lami. Ikipanda psi 4 hivi uko sawa. Ikipanda zaidi, asubuhi ulianza na upepo mdogo. Kwa tairi za LT, zile ngumu za magari ya mizigo, kubali mpaka 6.

Mtu wa Misitu Urambo
Kashata mmezimaliza, ubavu mmeusahau. Kwenye miombo kinachoua tairi ni visiki. Kisiki kilichokatwa kwa panga kinaingia ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibiki ikawa salama, asikudanganye mtu. Tyubu ndani ni ya kukufikisha mjini tu, tena taratibu, kwa sababu inachemka. Tafuteni A/T yenye herufi LT (tairi ya gari la mizigo midogo) mbele ya saizi. BFGoodrich KO2, kwa mfano, ina tabaka tatu ubavuni. Gharama yake ni uzito, ugumu kwenye lami na mafuta kidogo.

Someni pia namba ya mzigo: 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1450. Lakini hiyo 121 ya LT265/70R16 inapatikana kwa psi 80. Kwa hiyo ukihamia LT usibaki na upepo ule ule wa kibandiko, ongeza.

Mama Ufundi Kasulu
Na mwaka! Tairi za mtumba zinakuja na kashata nzuri, mpira umekufa. Tarakimu nne mwisho wa DOT, ile namba ya kiwanda ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kagua mipasuko midogo kati ya kashata. Ikifika miaka 10 ni ya kuzungushia bustani, hata kama haijaisha.

Hardtop 7.50
Nami niongeze moja ambayo hatutabishana. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 kipenyo kinapanda kutoka milimita 777 hadi 804, asilimia 3.4. Spidi mita ikisoma 100 wewe uko 103. Hiyo inavumilika. Ukienda 285/75R16 ni zaidi ya asilimia 7, gia zinakuwa nzito mlimani na tairi inaweza kugusa tope-gadi ukikata usukani.

Dereva wa Ipole
Hapo nakuunga mkono.

Kijana wa Ujiji
Wakuu, mimi nina RAV4, 225/65R17. Naweza kuweka A/T mbili mbele, nyuma zibaki za zamani? Naenda Simbo, Ilagala mpaka Kalya.

Fundi Tairi Mwanga
Usifanye hivyo. Mpya mbele na kuukuu nyuma, lami ikilowa mkia unateleza kabla hujajua. Na kama ni ya foo-wili, tofauti ya kipenyo inalazimisha mfumo wa kugawa nguvu kufanya kazi muda wote hata kwenye lami kavu, unachemka. Weka nne zinazofanana, saizi hiyo hiyo, zihamishe mbele kwenda nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Fedha ikiwa ni ya mbili tu, subiri, na kwa sasa nenda Kalya kwa boti.