Mafanikio ya maisha: tupime kilichorundikwa au kilichotosha?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja. Mafanikio ya mtu yasipimwe kwa alivyorundika. Yapimwe kwa kuangalia ni sehemu ngapi za maisha yake zimefika kiwango cha kutosha. Anayerundika hana pa kusimama, maana kipimo chake hakina mwisho. Mwenye kiwango akikifikia, nguvu zake zinahamia palipopungua.

Bhutan, nchi ndogo ya Asia, wanaifanya hesabu hii kitaifa. Faharasa yao ya furaha, yaani kipimo cha jumla, ina maeneo 9 yenye viashiria 33, yakiwemo afya, elimu, matumizi ya muda na hali ya maisha. Kila kiashiria kina mstari wake wa kutosha, na ukishauvuka huongezewi alama. Mwenye mali mara kumi ya mstari anapata alama ileile ya mali, na ziada yake haizibi pengo la usingizi. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa katika mfumo mzima: ziada ya huku haifichi upungufu wa kule.

Mtakwimu

Mstari naukubali, ila tusiuchore kwa namba za kuokota. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walionyesha kwamba kwa Wamarekani, hisia za kila siku ziliboreka kadiri kipato kilivyopanda hadi kama dola 75,000 kwa mwaka, kisha zikatulia. Namba hiyo ikageuzwa kuwa sheria. Mwaka 2021 mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akapata kwamba hazitulii. Mwaka 2023 yeye na Kahneman, pamoja na Barbara Mellers, wakazipitia data upya. Wakaona kwamba kwa watu walio wengi furaha inaendelea kupanda. Inayokwama ni ya wale wenye huzuni zaidi, karibu 20%. Kipimo cha 2010 kilikuwa kizuri kutambua huzuni, lakini hakikuweza kutofautisha mwenye furaha kiasi na mwenye furaha nyingi.

Kwa hiyo usemi kwamba pesa haileti furaha hauna ushahidi wa kuusimamia. Kilicho kweli ni kwamba mpando huo unafuata logariti: kutoka 100 kwenda 200 unapata sawa na kutoka 200 kwenda 400. Kila hatua inayofuata inadai pesa maradufu.

Mshauri wa fedha

Na pesa maradufu mara nyingi hulipiwa kwa saa. Chukua kipato cha wiki, kiite 100, kwa kazi ya saa 40. Kwenye karatasi kila saa inaleta 2.5. Sasa toa nauli, mavazi ya kazi, chakula unachonunua kwa kukosa muda wa kupika, na malipo ya anayekulelea watoto. Tuseme ni 22, zinabaki 78. Halafu jumlisha saa za njiani, za kujiandaa, na za kujibu ujumbe wa kazi usiku. Zikiwa 12, saa zako halisi ni 52. Gawanya 78 kwa 52: kila saa inaleta 1.5.

Ukija wadhifa unaolipa 115, watu wanapongeza. Lakini gharama zikipanda hadi 30 na saa hadi 65, saa moja imeshuka hadi karibu 1.3. Umepanda cheo na umeuza maisha yako kwa bei ya chini zaidi. Bado inaweza kuwa sawa, kwa mfano ukiwa na deni la riba kubwa au hujafikisha akiba ya dharura ya miezi 3 hadi 6 ya matumizi. Ila amua ukiwa na hesabu mkononi.

Kosa linaloharibu mpango wa kutosha ni kuandika kiwango baada ya nyongeza kuingia. Kufikia hapo matumizi yameshapanda na kiwango kimepanda nayo. Andika kabla, weka tarehe, na usikiguse mpaka mwaka uishe, isipokuwa idadi ya wanaokutegemea imebadilika.

Mpinzani

Ndugu zangu, nani anachora mstari? Mkimwachia kila mtu achore wake, aliyezoea kunyimwa atauchora chini na kusema ametosheka. Mchumi Amartya Sen ameonya kwa miaka mingi kwamba mtu aliyekandamizwa hupunguza matamanio yake ili aweze kuishi, kwa hiyo kuridhika kwake si ushahidi kwamba anaishi vizuri. Hapo hoja ya kutosha inakuwa mahubiri ya kuwatuliza wanyonge.

Jingine: utafiti wa Whitehall, ulioanza 1967 kwa watumishi wa serikali ya Uingereza, ulikuta wanaume wa ngazi ya chini wakifa kwa magonjwa ya moyo takriban mara 3 ya wale wa juu. Wote walikuwa na ajira, na uvutaji sigara ulieleza sehemu tu ya tofauti. Utafiti wa pili, ulioanza 1985, ulionyesha uzito wa kukosa usemi juu ya kazi yako. Je, hilo liko kwenye orodha yenu?

Mhudumu wa wazee

Liongezwe, pamoja na watu wa karibu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1938, unaofuatilia maisha ya watu kwa miongo mingi, ulikuta kwamba kuridhika na mahusiano katika umri wa miaka 50 kulitabiri afya ya miaka 80 vizuri kuliko kolesteroli. Tahadhari ni kwamba walioanza nao walikuwa wanaume wa Marekani pekee, na mwenye afya naye huona wepesi kutunza mahusiano.

Kupima, msihesabu marafiki. Jiulize: nikiugua usiku wa manane, nampigia nani? Andika majina. Kisha geuza swali: nani angenipigia mimi? Orodha ya pili ikiwa tupu, ya kwanza nayo haina uhai mrefu.

Mleta mada

Mpinzani, nimekubali. Mistari iwe miwili. Wa chini, wa afya, usalama, elimu na usemi kazini, usiachwe kwa ridhaa ya mtu binafsi. Juu ya huo, kila mmoja achore wake.

Mpinzani

Hata huo wa juu usichorwe na mtu mmoja. Anayepunguza saa za kazi akidai ametosheka, huku mwenzake akiongeza zake kufidia, amehamisha mzigo tu. Saa ziandikwe za nyumba nzima, pamoja na za kupika, kufua na kuuguza, ndipo tujue nani ametosheka kwa gharama ya nani.