Namna ya kumfundisha binti mwenye ulemavu wa akili kujihudumia wakati wa hedhi kwa msaada wa simu

MamaWaMorogoro

Ndugu zangu, habari za leo. Nina binti wa miaka 13 mwenye sindromu ya Down, aliyevunja ungo miezi minne iliyopita. Anasoma katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, anaongea kwa sentensi fupi, hajui kusoma wala kutaja saa, lakini simu anaijua vizuri: hufungua video za nyimbo mwenyewe na kuzirudia mpaka ayashike maneno yote. Siku zake zinapofika mimi ndiye ninayemvalisha pedi, kumbadilisha na kumwosha, na nikiwa sokoni bibi yake hunisaidia. Mwezi uliopita aliibandua pedi akiwa darasani na kuiweka juu ya dawati, kwa kuwa ilikuwa imelowa na ilimkera. Wenzake walimcheka, na tangu siku hiyo hataki hata kuiona pedi.

Nimejaribu programu mbili za simu za kuhesabu siku za hedhi, zote zimejaa maandishi na namba ambazo kwake hazina maana yoyote. Ninaomba ushauri wa aliyewahi kumfundisha binti kama wangu: je, simu inaweza kusaidia kweli, na ikiwa inaweza, nianzie wapi?

MwalimuWaKitengo

Mama, pole sana kwa yaliyotokea darasani. Ninafundisha elimu maalumu, na ninaamini simu itakufaa, ila si kwa njia ya programu za kalenda. Itakufaa kwa sababu ile ile uliyoitaja: binti yako hujifunza kwa kuona jambo lile lile, kwa namna ile ile, mara nyingi, bila anayemfundisha kuchoka wala kupandisha sauti.

Kwanza, chukua karatasi, fanya kitendo chote cha kubadilisha pedi wewe mwenyewe polepole, na uandike kila hatua hata ile inayoonekana ndogo mno, kama vile kufunga mlango, kushusha chupi mpaka magotini, kubandua pedi iliyotumika, kuikunja, kuifunga katika karatasi na kuitupa ndooni. Usishangae ukipata hatua 15 au zaidi. Kisha rekodi video fupi kwa kila hatua, sekunde 10 hivi, badala ya video moja ndefu, ili aitazame hatua, aitende, ndipo aende kwenye inayofuata. Rekodi chooni kwenu, kwa ndoo yenu na aina ya pedi anayoitumia kila mwezi, kwa sababu mabinti wengi wenye ulemavu wa akili hupata shida kuhamisha walichokiona mahali pengine na kukitumia nyumbani. Simu iwe usawa wa macho ya mtendaji, ili aone mikono kama anavyoiona mikono yake mwenyewe. Maneno yawe machache na yasibadilike: ukisema leo "toa pedi", kesho usiseme "ondoa hiyo".

Usisubiri hedhi ndipo uanze kufundisha, maana wakati huo ana maumivu na wewe una haraka. Fanyeni mazoezi siku za kawaida kwa pedi iliyodondoshewa rozela, ili ajifunze kutofautisha pedi yenye doa na pedi safi. Chora kwa uzi wa rangi umbo la pedi ndani ya chupi zake, ajue inapokaa. Mimi huanza kufundisha kutoka mwisho: mzazi anafanya hatua zote, binti anabakiziwa kutupa pedi na kunawa mikono tu, akizimudu hizo unamwongezea ile inayotangulia, na hivyo kila mara anamaliza kazi yeye mwenyewe na kupongezwa. Kwa binti aliyechekwa mbele ya wenzake, kumaliza kwa kupongezwa ni jambo kubwa.

Kwa kuwa hataki kuiona pedi, anza na mwanasesere. Nchini Nepal, watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine pamoja na shirika la WaterAid waliandaa kampeni iitwayo Bishesta kwa vijana wenye ulemavu wa akili na walezi wao, wakitumia mwanasesere anayevalishwa chupi na pedi, vitabu vya picha na mfuko wa kuhifadhia pedi. Wao hawakutegemea simu, lakini msingi ni ule ule wa kuona, kushika na kurudia. Mwanasesere wa kitambaa unaweza kumshona mwenyewe.

MuuguziWaMwanza

Ninaongezea upande wa afya. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema zaidi ikijaa. Kwa kuwa hajui saa, weka kengele ya simu yenye wimbo mmoja anaoupenda, usiotumika kwa jambo lingine lolote, na picha ya ua au ya mfuko wake badala ya neno "hedhi". Wimbo ukilia anakwenda chooni kukagua, iwe pedi imejaa au haijajaa.

Usizitegemee tarehe zinazokisiwa na programu. Katika miaka ya mwanzo mzunguko wa msichana unaweza kuwa wa siku 21, na mwingine ukafika siku 45, bila kuwa na ugonjwa wowote. Wewe weka alama ya siku inapoanza na inapokoma, na uandike tabia zake za siku zinazotangulia. Binti asiyeweza kusema "tumbo linauma" huenda akakataa chakula, akalia au akampiga mwenziwe, na ukilinganisha miezi 3 au 4 utaona kama mambo hayo yanakwenda pamoja. Hedhi ikizidi siku 7, au pedi ikijaa kila baada ya saa moja au mbili, mpeleke hospitali. Mwombe daktari apime pia tezi ya shingo, kwani upungufu wa homoni zake huwapata sana watu wenye sindromu ya Down, nao unaweza kuvuruga hedhi.

MamaWaLikoni

Dada, binti yangu ana usonji na ulemavu wa akili, sasa ana miaka 19, na anabadilisha sodo, yaani pedi, mwenyewe. Tulichukua karibu mwaka mzima, kwa hivyo usikate tamaa mwezi wa pili.

Nina jambo la kukuonya kwa dhati. Usimrekodi binti yako mwili, hata kwa nia njema, hata kama simu ina namba ya siri. Simu huibwa, hupelekwa kwa fundi, na picha nyingine hujihifadhi zenyewe kwenye intaneti bila wewe kujua. Rekodi mikono yako tu na chupi iliyokunjuliwa mezani, au mwanasesere. Halafu mfundishe kuwa video hizi zina mahali pake, kwa maana binti yangu aliwahi kuwaonyesha wageni sebuleni akidhani ni jambo la kujivunia. Tulizihamishia kwenye simu ya zamani isiyo na laini, inayokaa chumbani kwake. Mfundishe vilevile ni nani anayeruhusiwa kumsaidia chooni, kwa majina na kwa picha zao, na kwamba mtu mwingine yeyote akitaka kumgusa apige kelele na akuambie.

Chooni usimwachie simu mkononi. Yetu ilitumbukia shimoni. Tulichapisha picha za hatua hizo, tukazifunika plastiki na kuzitundika ukutani. Baadaye tukawa tunaondoa video moja moja, kwani alifika mahali hawezi kuanza bila simu, na simu ina siku inazima.

Huku kwetu pwani kazi hii ilikuwa ya somo, yaani mwanamke anayemfunda binti aliyevunja ungo, na mabinti kama wetu waliachwa nje kwa kudhaniwa hawataelewa. Mimi nilimwita somo yangu, akaja kukaa naye kila mwezi. Binti alimsikiliza kuliko mimi.

MamaWaMorogoro

Ninawashukuru kwa moyo wote. Nina swali moja zito: baadhi ya ndugu wananishauri afungwe kizazi ili hedhi isimsumbue. Ninyi mnaonaje?

MuuguziWaMwanza

Kufunga mirija ya uzazi hakusimamishi hedhi, Mama. Ataendelea kuona siku zake kila mwezi kama kawaida, kwa hiyo ushauri huo hautatui hata lile tatizo wanalolitaja, wala hautamlinda asidhulumiwe. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 23 kwamba watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, wabaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Maumivu au damu nyingi vina dawa, na hayo mzungumze na daktari, binti akiwepo na akielezwa kwa picha.

MwalimuWaKitengo

Kuhusu shule, kwa kuwa nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, mwombe mwalimu wake wa kike azihifadhi video hizo katika simu yake na kengele ilie kwake. Mpe binti mfuko wenye pedi mbili, chupi moja na picha za hatua, na umwombe mwalimu amwonyeshe choo ambacho mlango wake unafungika kwa ndani.