Kutu ya kijani kwenye soketi na pini ndogo: siki, spirei, msasa au kubadilisha?

Fundi_Waya (Mwanjelwa, Mbeya)
Wakuu, habari za kazi. Mvua zikishakolea huku kwetu, soketi za pikipiki na bajaji zinaletwa zikiwa kijani, nyingine nyeusi kabisa. Kila fundi na dawa yake: siki na chumvi, spirei ya kontakti (ya kusafishia viungo vya umeme), msasa, WD-40, na wapo wanaokata na kuweka mpya moja kwa moja. Naomba tulinganishe kwa sababu, siyo kwa mazoea. Nazungumzia pini ndogo za upana wa milimita 2 mpaka 6, siyo vichwa vya betri. Msimamo wangu: dawa ya maji kwanza, msasa mwisho kabisa.

Mufindi_Umeme
Mkuu, kabla ya dawa tazama pini imepakwa nini, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Soketi nyingi za pikipiki ni shaba ya njano, tupu au iliyopakwa bati. Pini za sensa na za vifaa vya kompyuta mara nyingi zina dhahabu. Tabaka la bati ni maikromita chache tu, na la dhahabu kwa kawaida halifiki hata maikromita 1. Ukipitisha msasa mara mbili tatu umelimaliza, shaba iko wazi, na mvua ijayo kutu inarudi haraka kuliko mwanzo. Pini inang'aa mkononi, mteja anafurahi, kumbe umempunguzia maisha.

Kwa dhahabu tumia kifutio cha penseli kilicho laini, halafu pangusa kwa spiriti ya isopropili. Basi.

Sola_Tukuyu
Siki inafanya kazi vizuri kwa shaba tupu, tusiidharau. Siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 100, chumvi nusu kijiko cha chai. Chomoa pini kwenye nyumba yake ya plastiki, itumbukize dakika 2 mpaka 5, sugua kwa mswaki wa zamani. Weusi wote unaondoka. Usichanganye na springi au skrubu za chuma kwenye kikombe kimoja. Shaba iliyoyeyuka itajipaka juu ya chuma.

Mufindi_Umeme
Hiyo chumvi ndiyo ninayoikataa. Ni kweli inaharakisha, lakini kloridi ya chumvi hiyo inayobaki kwenye mikunjo ya pini ikipata unyevu inaanza kula shaba upya, na ile rangi ya kijani inarudi. Pale pini ilipofinya waya kuna nafasi ndogo ndogo zinazonyonya maji, na mswaki haufiki.

Asidi ya sitriki ni pole zaidi. Ule unga mweupe wa kutia ukali kwenye juisi: gramu 10 kwa mililita 200 za maji ya uvuguvugu, unapata asilimia 5. Dakika 5 mpaka 10, bila chumvi. Kisha bekingi soda kijiko kimoja cha chai kwenye robo lita ya maji, zamisha dakika moja kuua asidi. Suuza mara mbili kwa maji ya betri, yale safi ya kuongezea, siyo yenye asidi. Malizia kwa isopropili ili isukume maji yatoke, anika mpaka ikauke kabisa. Ukiruka suuza, heri usingeanza.

Dada_Multimita (Iringa)
Naunga mkono, ila mnasafisha bila kupima. Ukiweka multimita kwenye omu utadanganyika, waya zake peke yake zinasoma karibu 0.2 mpaka 0.5. Pima upotevu wa volti kifaa kikiwa kinafanya kazi. Washa taa, weka multimita kwenye volti 2 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), choma ncha moja upande huu wa soketi na nyingine upande wa pili wa waya uleule. Chini ya volti 0.05, iache. Ikipita 0.1, safisha. Ikipita 0.2, kuna joto linazaliwa pale.

Hesabu yake: taa ya wati 35 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 2.9. Soketi yenye ukinzani wa omu 0.2 inapoteza volti 0.58, na wati 1.7 zinageuka joto ndani ya kipini kidogo. Ndiyo maana plastiki inakuwa kahawia.

Bajaji_Uyole
Spirei je? Mvivu kama mimi hataki vikombe.

Fundi_Waya
Spirei ya kontakti inafaa kutu nyepesi, grisi na vumbi. Kata umeme, puliza sekunde 1 au 2, chomeka na kuchomoa mara 5 mpaka 10 ili pini zijisugue zenyewe, subiri dakika 10 ndipo uwashe. Kutu nene ya kijani haiondoi. Hakikisha kopo limeandikwa kuwa ni salama kwa plastiki, nyingine zinapasua. WD-40 ya kawaida inasukuma maji na kuacha utando, siyo kisafisha kontakti. Kampuni hiyo ina kopo jingine maalumu kwa kazi ya kontakti.

Dada_Multimita
Na jike, yaani pini yenye tundu, likishalegea, hata ulioshe vipi litakusumbua. Chukua dume jipya, yaani pini inayoingia, lichomeke kwenye kila tundu: lisiposhika, kaza mdomo wa jike kidogo kwa koleo nyembamba au weka jipya. Barabara zetu za vumbi na mtikisiko zinasugua bati mpaka unga mweusi unatokea, hata mahali pakavu.

Bodaboda_Mbolea
Pikipiki zinazobeba mifuko ya mbolea zinaoza soketi za nyuma kuliko nyingine. Ni amonia?

Mufindi_Umeme
Vumbi la mbolea ni chumvi na linavuta unyevu, hilo peke yake linatosha. Amonia nayo inapasua shaba ya njano iliyokunjwa, kwa hiyo ukiona nyufa kwenye pini, usioshe, badilisha. Sabuni za kusafishia vioo zenye amonia nazo zikae mbali.

Sola_Tukuyu
Kwa sola: plagi za MC4, zile za kuungia waya za paneli, zilizoungua au kuwa nyeusi ndani hazioshwi, zinabadilishwa jozi nzima, dume na jike la kampuni moja. Usizichomoe sola ikiwa inasukuma umeme. Cheche ya DC haizimiki kirahisi. Zima kidhibiti na ufunike paneli kwanza.

Bajaji_Uyole
Baada ya kusafisha, Vaseline?

Fundi_Waya
Kwenye soketi yenye raba, hapana, jeli ya petroli inavimbisha baadhi ya raba, na karibu na injini inayeyuka. Grisi ya silikoni ni bora, tabaka jembamba tu. Haipitishi umeme, lakini pini zikibanana inasukumwa pembeni na chuma kinakutana na chuma. Usiitie ndani ya swichi au relei (swichi inayoendeshwa na umeme) zenye cheche. Inaacha mabaki yanayozuia umeme.

Bajaji_Uyole
Na waya ukiwa mweusi ndani ya ganda?

Mufindi_Umeme
Kata sentimita 2 kwanza, menya, angalia. Kama bado mweusi, endelea kukata mpaka nyuzi zing'ae. Risasi ya kuchomelea haishiki kwenye shaba nyeusi, na waya wa kwenye pikipiki ufinywe kwa pini mpya, usichomelewe tu, mtikisiko utaukata pale risasi inapoishia.