Kundi la Familia: Paris, au kijijini kwa mpeleka barua?

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Mkutano umeisha salama. Kesho niko huru mchana kutwa hapa Lyon, keshokutwa naondoka. Nishaurini, niende wapi?

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Hilo nalo la kuuliza? Panda treni ya kasi, saa mbili tu uko Paris. Piga picha na mnara wa Eiffel, rudi ulale.

Binamu: Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, katikati foleni. Mjomba, hapo hakuna siku tena.

Kitinda: Aende makumbusho ya Louvre basi, akamwone Mona Lisa 😍

Dada Mkubwa: Nilishamwona safari ile nyingine. Kapicha ka sentimita 77 kwa 53, kako nyuma ya kioo, na mbele yangu mikono imeinuliwa na simu kila mahali. Nilichokiona vizuri ni kisogo cha bwana mmoja mrefu.

Mama: 😂😂 Pole mwanangu.

Binamu: Mwaka 2023 waliingia Louvre watu milioni 8.9. Visogo vipo vya kutosha. Dada, nisikilize mimi. Kusini ya hapo ulipo, mkoa wa Drôme, kuna kijiji kinaitwa Hauterives. Nenda huko.

Mjomba: Kuna nini?

Binamu: Kasri. Alilijenga mpeleka barua.

Shangazi: Mpeleka barua! Kwa mshahara upi?

Binamu: Mshahara ulinunua chokaa na saruji. Mawe aliokota njiani.

Binamu: Ngojeni niandike vizuri, msinikatize. Jina lake Ferdinand Cheval. Mwaka 1879, ana miaka 43, anagawa barua kwa miguu, kilomita thelathini na ushee kila siku. Akajikwaa kwenye jiwe, nusura aanguke. Kulitazama, lina umbo la ajabu, akalitia mfukoni. Kesho yake akarudi palepale, akakuta mengine mazuri kuliko lile. Basi, ndio ikawa kazi. Mfuko ukawa hautoshi, akahamia kwenye kikapu. Kikapu nacho kikashindwa, akaja na toroli. Mchana barua, usiku mawe kwa mwanga wa taa. Alimaliza 1912. Miaka 33 hiyo.

Shangazi: Na majirani wakanyamaza tu?

Binamu: Wanyamaze wapi! Walisema amerukwa na akili.

Kitinda: Lakini ni kasri kweli au kichuguu?

Binamu: Urefu wake mita 26. Upande mmoja yamesimama majitu matatu: Julius Caesar wa Roma, Vercingetorix shujaa wa Wagauli wa kale, na Archimedes mwanahisabati wa Ugiriki. Ukizunguka upande wa pili unakuta msikiti, hekalu la Kihindu, nyumba ya Uswisi na ngome ya zamani, vyote vidogovidogo vimebanana kwenye ukuta mmoja. Na huyu bwana hakuwahi kuizunguka dunia. Dunia aliiona kwenye postikadi na magazeti aliyokuwa akiwapelekea wenzake.

Mama: Jamani.

Binamu: Nisichokichoka mimi ni lile toroli. Alilijengea kidaka ndani ya kasri. Limewekwa humo kwa heshima kama vile lilikuwa fundi mwenzake.

Shangazi: Hapo amenipata. Mtu anayemkumbuka aliyembebea mizigo ni mtu wa maana.

Mjomba: Naomba kuuliza. Mpwa wangu yuko nchi yenye wahandisi waliojenga mnara wa mita mia tatu kwa chuma kitupu, ninyi mnampeleka kwenye rundo la mawe la mtu ambaye hakusomea ujenzi?

Binamu: Mjomba umeongea sawasawa na maofisa wao wa utamaduni. Wapo walioandika kwamba ni kinyaa tupu. Waziri wao, André Malraux, akawapuuza, na 1969 akaliweka kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na serikali.

Kitinda: Alizikwa humohumo?

Binamu: Alitaka sana. Sheria ikakataa, lazima makaburini. Akasema sawa. Akaenda makaburi ya kijiji akaanza kujenga kaburi lake mwenyewe kwa mtindo uleule, miaka minane mingine. Alilimaliza 1922, akafa 1924 na miaka yake 88.

Shangazi: Zaidi ya miaka themanini na bado anabeba mawe. Mimi ngazi tu naomba Mungu.

Dada Mkubwa: Binamu, unanishawishi kabisa. Ila Mjomba hajaridhika, namwona anaandika, anafuta, anaandika.

Mjomba: Nimesimamia majengo miaka mingi. Nataka kujua kitu cha namna hiyo kimesimamaje. Mtu hana mchoro, hana hesabu.

Binamu: Hilo swali lina jibu zuri, ila liko Los Angeles. Watts Towers, yaani minara ya Watts. Kibarua mmoja mhamiaji kutoka Italia, Simon Rodia, alianza 1921 akaacha 1954. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kitinda: 33 tena!! Hawa walikubaliana?

Binamu: Peke yake vilevile. Vyuma vimefungwa kwa waya, vikavikwa wavu, vikapakwa saruji, juu yake akabandika vigae vilivyovunjika, kombe za baharini na chupa za soda. Hakuchomelea popote, hakutia bolti, hakuweka jukwaa. Alipanda kwa mkanda wa wale wanaosafisha madirisha ya maghorofa. Mnara mrefu kabisa unafika kama mita 30.

Mjomba: Bila bolti?

Binamu: Bila bolti. Baadaye jiji likataka kubomoa, likasema ni hatari, utaangukia watu. Waliokuwa wanautetea wakasema basi tuujaribu. Oktoba 1959 wakafunga nyaya kwenye mnara, wakauvuta kwa nguvu ya ratili 10,000, yaani kilo elfu nne na mia tano hivi. Mnara ukatulia. Kilichoanza kupinda ni kile chombo kilichokuwa kinauvuta.

Mjomba: 👏🏾👏🏾👏🏾

Mjomba: Hapo sasa mmeanza kuongea lugha yangu. Wavu wa chuma ndani ya saruji, huyo mtu alikuwa anajua anachofanya. Vyeti ni kitu kingine.

Shangazi: Ameshaingia mtegoni.

Mama: Na mwenyewe alikuwepo siku hiyo ya kuvuta?

Binamu: Hapana Mama mdogo. Alishaondoka zamani, 1955, akampa jirani kiwanja chote na minara yake, hakurudi tena kuishi pale.

Mama: Kazi ya miaka yote hiyo, anampa jirani?

Shangazi: Alikuwa amemaliza.

Kitinda: [amefuta ujumbe huu]

Shangazi: Tumeshasoma, mtoto wewe.

Dada Mkubwa: 😂😂😂 Mimi naongeza wa kwangu, niliwahi kusoma habari zake. Chandigarh, India. Jiji jipya, limechorwa na msanifu majengo maarufu, Le Corbusier, mistari imenyooka, kila kitu mahali pake. Kumbe afisa mmoja wa barabara, Nek Chand, tangu 1957 kila akitoka kazini anakokota vifusi vya vijiji vilivyobomolewa kupisha jiji, anavipeleka kwenye bonde la msitu wa hifadhi ambako kujenga ni marufuku. Akatengeneza watu, wanyama, mito na maporomoko kwa vyungu, bangili na soketi za umeme. Serikali imekuja kugundua 1975.

Mjomba: Mtumishi wa serikali anajenga kwenye hifadhi ya serikali! Alifungwa miaka mingapi?

Dada Mkubwa: Wakubwa walitaka kubomoa, wananchi wakaja juu. Mwisho bustani ikafunguliwa 1976, naye akapewa mshahara wa kuiendeleza na vibarua 50.

Mjomba: Haya ndiyo maajabu.

Shangazi: Sasa mimi nina jambo linanikera kidogo, niseme?

Mama: Sema wifi.

Shangazi: Mnacheka, nami nacheka. Lakini hao watu walipokuwa hai waliitwa vichaa. Wamekufa, leo tunakata tiketi na kupiga picha. Hatuendi kumcheka mtu nyumbani kwake?

Binamu: Swali zito hilo Shangazi. Afrika Kusini kuna Helen Martins, kijiji cha Nieu-Bethesda, kwenye ukame wa Karoo. Kuta za ndani alizipaka kioo kilichosagwa ili taa zikiwashwa nyumba nzima imeremete. Uani akajaza sanamu za saruji, bundi tele, na msafara wa ngamia unaoelekea mashariki. Alisaidiwa na Koos Malgas, fundi ambaye siku hizi anatajwa pamoja naye, ingawa watu walichelewa kumtaja. Kile kioo kilimharibu macho. Kijijini walimkwepa. Alijiua 1976, macho yakiwa yanaelekea kuzima.

Mama: Masikini.

Binamu: Leo wageni wanaofika kijiji kile wanakuja hasa kwa ajili ya nyumba yake. Wanaiita Owl House, yaani nyumba ya bundi. Kwa hiyo sijui nikujibu nini, ila mimi naona bora kwenda kuliko kutokwenda. Unaingia taratibu, unasoma maelezo, unamtaja kwa jina. Unapiga picha mbili, si mia mbili.

Shangazi: Nimekubali kwa shingo upande. Na huyo Koos nanyi mtajeni kwa jina.

Kitinda: Sasa tuondoke kwenye majonzi. Kuna makumbusho ya ajabu ajabu ya kuchekesha?

Binamu: Tele. Tokyo, mtaa wa Meguro, kuna makumbusho ya vimelea tangu 1953. Ndani wamehifadhi tegu wa mita 8.8. Pembeni wametundika utepe wa urefu uleule, unaushika, unaukunjua, unaona mwenyewe alivyokuwa tumboni mwa mtu.

Mama: NINAKULA.

Kitinda: 🤢🤢 nataka kwenda

Dada Mkubwa: Boston wana makumbusho ya picha mbaya. Si utani. Yalianza miaka ya tisini baada ya mtu kuokota mchoro wa bibi kizee kwenye takataka. Mwaka 1996 wakaibiwa picha moja, wakatangaza zawadi kwa atakayeirudisha: dola 6.50.

Mjomba: Na ikarudi?

Dada Mkubwa: Baada ya miaka kumi, ikarudi. Wizi ule uliwafanya waweke kamera ya bandia ukutani na tangazo kwamba jumba hili linalindwa na kamera za bandia.

Shangazi: 🤣🤣🤣 Sasa hao nawapenda.

Binamu: Shangazi wewe ya kwako iko Zagreb. Makumbusho ya mapenzi yaliyovunjika. Waanzilishi ni wapenzi wawili walioachana, hawakujua vitu vyao vya pamoja wavipeleke wapi. Watu wa dunia nzima sasa wanatuma vyao na maelezo mafupi. Kuna shoka la mwanamke wa Berlin. Mpenzi wake alimwacha akaenda mapumzikoni na mwingine, akaacha samani nyumbani. Huyu akanunua shoka, kila siku anakata kipande kimoja, anapanga kuni vizuri. Mwenyewe aliporudi akakuta mafungu.

Shangazi: Kumbe kuna watu wenye subira duniani.

Mama: Wifi, tuko kwenye kundi, watoto wanasoma.

Dada Mkubwa: Haya turudi kwangu, saa zinakwenda. Hauterives nafikaje?

Binamu: Treni haifiki pale kijijini, usidanganyike. Ama ushuke mji wa karibu uunganishe basi, ama ukodi gari. Kwa siku moja mimi ningekodi, basi za vijijini ukikosa moja umekwisha. Ukiwa barabara kuu angalia vibao vya kahawia pembeni, ndivyo wanavyotumia kuonyesha vivutio. Nusu ya vitu vizuri nilivyoviona nilivipata kwa kufuata kibao cha kahawia ambacho sikukipanga.

Kitinda: Mimi hutazama Atlas Obscura, tovuti ya sehemu za ajabu. Au unafungua ramani, unavuta karibu mpaka vijina vidogo vitokeze.

Binamu: Ndiyo, ila usiamini saa zilizoandikwa kwenye ramani. Sehemu hizi ndogo nyingine zinafunguliwa na mzee wa kujitolea mwenye funguo moja. Saa za kila msimu ni tofauti, na mchana wanafunga ili wakale. Kasri lile ni kubwa, lina watumishi, lakini ingia kwenye tovuti yake mwenyewe uone saa ya kufunga na uchukue tiketi kabisa. Zile ndogo, piga simu. Wakisikia mtu anatoka mbali, mara nyingi wanakufungulia hata siku isiyo yao, na hapo unapata hadithi ambazo hazijaandikwa popote.

Mjomba: Nyumba za maana hazipigiwi simu.

Shangazi: Louvre umeipigia lini?

Mjomba: Nimenyamaza.

Dada Mkubwa: Nimeingia kwenye tovuti, kesho wamefungua. Gari nimepata, nachukua saa mbili asubuhi. Nikiwahi nitapita na makaburini pia.

Mama: Endesha taratibu, huko wanapita upande wa kulia. Na simu uichaji leo usiku, si asubuhi.

Shangazi: Picha ya toroli, tafadhali. Hayo majitu nitayaona kwenye intaneti.

Kitinda: Na ule msikiti mdogo!

Mjomba: Mpwa wangu, mimi sitaki picha ya mbele. Tafuta mahali ambapo ukuta umeungana na nguzo, sogea karibu, unipigie kiungo. Uone kama kuna nyufa. Na pale penye wahudumu uliza saruji na chokaa alichanganya kwa kipimo gani.

Dada Mkubwa: Kwa Kifaransa changu hiki, Mjomba?

Mjomba: Niandikie nambari yao, nitawapigia mwenyewe.